Kufunga jeki za haidroliki kwenye kiungo cha pointi tatu cha trekta dogo

Dereva anayechonga barabara ya shamba kwa bledi ya nyuma hulazimika kushuka kila mara. Hushuka kuzungusha skrubu ya mkono wa juu ili bledi ilale au isimame, kisha hushuka tena kuzungusha mpini wa rodi ya kulia ili upande mmoja wa bledi uwe chini kuliko mwingine na barabara ipate mgongo wa kumwaga maji. Akipanda na kujaribu hatua chache, hugundua kwamba amezidisha, na kazi ya kushuka inaanza upya. Jeki mbili za haidroliki, yaani silinda zinazorefuka na kufupika kwa nguvu ya mafuta, moja mahali pa mkono wa juu na nyingine mahali pa rodi ya kulia, huondoa usumbufu huo wote, kwa sababu marekebisho hufanyika kwa leva dereva akiwa amekaa kitini na zana ikiwa inatembea.

Mwongozo huu unahusu trekta dogo la nguvu ya farasi 25 mpaka 50, lile ambalo kiungo chake cha pointi tatu, yaani mikono ya nyuma inayoshika zana mahali patatu, ni cha ukubwa unaoitwa Kundi la 1. Utalitambua kwa kupima pini: kwenye Kundi la 1 pini za mikono ya chini zina kipenyo cha milimita 22 na pini ya mkono wa juu milimita 19, wakati kwenye Kundi la 2 ni milimita 28 na 25. Pima kwa venia kalipa wala usikadirie kwa macho, kwa maana jeki iliyotengenezwa kwa pini ya milimita 25 ikifungwa kwenye pini ya milimita 19 itacheza, na mchezo huo utalifanya tundu la mabano ya trekta kuwa la duara la yai ndani ya msimu mmoja.

Ni vizuri kukumbuka kila kipande kina kazi gani kabla ya kukibadilisha. Mikono miwili ya chini huvuta zana. Mikono ya kunyanyulia, iliyo juu nyuma ya kiti, huiinua mikono ya chini kwa kupitia rodi mbili za pembeni. Mkono wa juu, ambao mafundi wengi huuita toplinki, hushika kichwa cha zana ili isipinduke. Zana ikiwa hewani toplinki huvutwa kwa nyuma. Jembe likiwa ndani ya ardhi ngumu, toplinki husukumwa kuelekea kwenye trekta. Harry Ferguson aliyeuendeleza mpangilio huu, na kuupatia hataza mwaka 1926, alijenga mfumo wake mzima juu ya msukumo huo wa mkono wa juu, na ndiyo maana hadi leo sehemu hiyo haifai kuchukuliwa kama fimbo ya kushikilia tu. Jeki utakayoiweka pale itavutwa na kusukumwa siku nzima.

Rodi ya pembeni, kwa upande wake, huvutwa tu, kwa sababu zana inaning'inia juu yake. Jambo hili linaonekana dogo, lakini tutalirudia kwenye hesabu ya nguvu, na ndipo watu wengi hukosea.

Upande wa kulia ndio unaowekewa jeki, kwa kuwa kwenye matrekta mengi ndiko kiwanda kilikoweka rodi yenye skrubu ya kurekebisha; katika kulima kwa plau, tairi za kulia hutembea ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa, na upande huo ndio unaohitaji kurekebishwa. Rodi ya kushoto ibaki na urefu wake wa kudumu. Kama fedha inatosha kununua jeki moja tu kwa sasa, maoni yangu ni kuanza na toplinki, kwa sababu inasaidia kila zana, na hata kazi ya kuunganisha zana peke yako inakuwa nyepesi: unaurefusha au kuufupisha mkono mpaka tundu na pini vikutane, badala ya kuhangaika kuisukuma zana kwa bega.

Njia za mafuta

Kila jeki ina njia mbili za mafuta, moja ya kuirefusha na moja ya kuifupisha, kwa hiyo jeki mbili zinahitaji valvu yenye spuli mbili (vyuma vinavyoteleza ndani ya valvu kuelekeza mafuta) na matundu manne nyuma ya trekta. Baadhi ya matrekta huja na valvu hizo kutoka kiwandani, na hapo kazi yako ni mipira (mabomba ya mpira ya kupitisha mafuta) na kopla (viungio vya kuchomeka mipira kwenye trekta) tu. Mengine hayana chochote zaidi ya leva ya kunyanyulia zana, na hapo itakubidi uongeze valvu.

Kuongeza valvu ndiyo sehemu yenye hatari ya kuharibu mashine, basi nitaieleza kwa utulivu. Matrekta madogo mengi hutumia mfumo ambao mafuta huzunguka muda wote: pampu huyasukuma, yanapita katikati ya valvu zilizotulia, yanafika kwenye kinyanyulio cha nyuma, kisha yanarudi kwenye sanduku la gia ambalo ndilo tangi. Valvu mpya inaingizwa katikati ya mkondo huo, kabla ya kinyanyulio. Kwa sababu hiyo ni lazima iwe na matundu matatu ya msingi: moja la kupokea mafuta ya pampu, moja la kuyapeleka mbele kwenye kinyanyulio, na moja la kurudisha kwenye tangi yale yanayotoka kwenye jeki na kwenye valvu ya usalama. Valvu za bei nafuu zina matundu mawili tu. Ukiifunga ya namna hiyo na kuyarudisha mafuta yote kwenye tangi, kinyanyulio cha nyuma kitakosa mafuta na hakitainua kitu. Ukiielekeza njia yake ya kutokea kwenye kinyanyulio, mwili wa valvu utabeba presha ya mfumo kwenye upande ambao haukutengenezwa kuibeba, na unaweza kupasuka. Muulize muuzaji waziwazi kama valvu ina tundu la kupeleka mafuta mbele, na kama kuna kipande cha kubadilisha ili tundu hilo lifanye kazi. Mara nyingi kipande hicho huuzwa peke yake.

Jambo la pili kwenye valvu ni namna spuli inavyokaa inapotulia. Kuna spuli inayoziba matundu ya jeki kabisa, na kuna ile inayoyafungulia kuelekea tangi. Kwa jeki zenye valvu ya kufuli, ambayo nitaieleza muda si mrefu, hii ya pili ndiyo bora, kwa sababu presha kwenye mipira hushuka mara tu unapoachia leva, na kufuli linafunga papo hapo. Ile ya kwanza pia hufanya kazi, ila kufuli linaweza kuchelewa kidogo mpaka presha iliyonaswa ipungue.

Kupima kabla ya kununua

Kazi yenyewe ya kufunga ni ya mchana mmoja. Ugumu uko kwenye vipimo, na anayenunua jeki kwa kuangalia picha hujikuta na chuma kizuri kisichoingia popote.

Egesha trekta kwenye sakafu iliyo sawa, upepo wa tairi zote mbili za nyuma ukiwa umelingana. Unganisha zana unayoitumia zaidi, iweke sawa kwa kutumia skrubu za zamani, kisha pima toplinki kutoka katikati ya pini ya mbele mpaka katikati ya pini ya nyuma. Tuseme umepata milimita 600. Fupisha mkono mpaka zana ilale mbele kadiri unavyohitaji, pima tena. Urefushe mpaka ilale nyuma, pima. Vipimo vitatu hivyo ndivyo vitakavyokuchagulia jeki. Kwa mfano huu, jeki yenye urefu wa milimita 500 ikiwa imefungwa na mwendo wa milimita 200 itafika milimita 700 ikifunguka, na kazi ya kawaida itaangukia katikati ya mwendo, mahali panapofaa. Kumbuka kwamba urefu wa jeki iliyofungwa ni mwendo wake pamoja na vichwa, sili na masikio ya pini, kwa hiyo huwezi kupata mwendo mrefu ndani ya mkono mfupi. Trekta likiwa dogo sana, utalazimika kuridhika na mwendo wa milimita 150.

Rudia upimaji huo kwa kila zana uliyo nayo, hasa zile zinazozungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana. Toplinki inapofupishwa, kichwa cha zana huvutwa mbele na mkia wake huinuka; shafti ya rotaveta inaweza kubanwa mpaka mirija yake miwili igongane kwa ndani, na hapo nguvu yote huishia kwenye beringi za sanduku la gia. Inaporefushwa kupita kiasi, mirija hubaki imeshikana kwa sehemu ndogo na kuna hatari ya kuchomoka ikizunguka. Inua zana mpaka juu kabisa huku toplinki ikiwa fupi, uangalie kama haigusi tairi, madigadi au fremu ya kumkinga dereva.

Rodi ya kulia hupimwa kwa namna hiyo hiyo, lakini mwendo wake hauhitaji kuwa mkubwa. Kwenye trekta nyingi rodi hushika mkono wa chini karibu na katikati ya urefu wake, kwa hiyo kila sentimita moja ya jeki hubadilisha ncha ya mkono kwa karibu sentimita mbili. Jeki ya mwendo wa sentimita 10 itaishusha ncha kwa takriban sentimita 20 kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa, na kwa kuwa ncha mbili za mikono ziko umbali wa kama sentimita 70, bledi ya mita 1.8 itapata tofauti ya karibu nusu mita kati ya mwisho mmoja na mwingine. Hiyo inatosha kuchonga mfereji wa kando ya barabara. Hakikisha tu kwamba urefu wa rodi ya kushoto unaangukia ndani ya mwendo wa jeki, na si kwenye mwisho wake, vinginevyo hutaweza kuirudisha zana kuwa sawa.

Nguvu ya jeki

Tafuta kwenye kitabu cha trekta presha ya mfumo. Kwa matrekta ya ukubwa huu nyingi ziko kati ya bar 140 na 180. Chukua bar 150 kama mfano. Jeki yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 ina eneo la sentimita za mraba 19.6, na kila bar moja ni nyutoni 10 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo inasukuma kwa nyutoni 29,400, sawa na uzito wa tani tatu. Huo ni msukumo wa kurefuka. Inapofupika, fimbo ya pistoni inachukua sehemu ya eneo hilo: fimbo ya milimita 25 huondoa sentimita za mraba 4.9, zinabaki 14.7, na nguvu inashuka hadi nyutoni 22,000, karibu tani mbili na robo.

Sasa rudi kwenye lile nililosema juu ya rodi ya pembeni. Rodi ile inaning'iniza zana, na kuinua upande wa kulia ni kuifupisha jeki, kwa hiyo nguvu unayopaswa kuihesabu ni ile ndogo. Zana ya kilo 400 huweka kama kilo 200 kwenye kila ncha, na kwa kuwa rodi inashika katikati ya mkono, jeki hubeba takriban kilo 400, na zaidi kidogo uzito wa zana ukiwa umerudi nyuma ya pini. Jeki ya milimita 50 inamudu hayo bila shida. Hata ya milimita 40 ingeinua, lakini trekta likirukaruka kwenye njia ya mawe na zana ikiwa hewani, uzito huo huongezeka mara kadhaa kwa ghafla, na siipendekezi kwa rodi wala kwa toplinki.

Jeki kubwa zaidi nayo si faida. Ya milimita 63 ni nzito, inabanana na tairi, na inaweza kukupa nguvu ya kupinda mabano ya kiungo ambayo hayakutengenezwa kwa ajili yake.

Kasi ndiyo inayosahaulika. Jeki ya milimita 50 yenye mwendo wa milimita 200 hujaa kwa mafuta yasiyofika nusu lita, na pampu ya lita 25 kwa dakika huyatoa kwa sekunde moja tu. Bledi itaruka kama iliyopigwa teke, na hutaweza kuisimamisha pale unapotaka. Weka kibanio chenye tundu dogo, la kama milimita moja, kwenye tundu la mafuta la jeki, kwa njia zote mbili. Baada ya hapo mwendo mzima utachukua sekunde kadhaa na utaweza kuurekebisha kwa milimita.

Valvu ya kufuli

Spuli ya valvu ni chuma kinachoteleza ndani ya chuma, na kati yao pana nafasi ndogo ambayo mafuta hupenya. Kwa kazi ya kuinua na kushusha upungufu huo hauonekani. Kwa jeki inayopaswa kushika urefu ule ule kwa saa nne huku ikitikiswa, unaonekana sana: bledi uliyoiweka sawa asubuhi itakuwa imeinama ifikapo saa tano. Valvu ya kufuli huzuia hilo. Ndani yake kuna vizibo viwili vyenye springi, kimoja kwa kila njia ya mafuta, na kila kimoja hufunguliwa na presha inayoingia upande wa pili pale tu unaposukuma leva. Ukiachia, vizibo hurudi na mafuta hufungiwa ndani ya jeki.

Valvu hii iwe imefungwa kwenye mwili wa jeki yenyewe, ikiunganishwa kwa bomba la chuma, na isiwe mbali kwenye valvu ya leva. Nilijifunza maana yake kwenye moja ya jeki za mwanzo nilizozifunga. Nilikuwa nimepitisha mpira wa rodi ya kulia kando ya madigadi, nikaujaribu zana ikiwa chini na ikiwa katikati, nikaridhika. Sikuijaribu ikiwa juu kabisa huku jeki ikiwa imefupika. Siku ya pili dereva aliinua bledi mpaka mwisho ili avuke korongo, mkono wa kunyanyulia ukaubana mpira dhidi ya madigadi na kuukata. Mafuta yalimwagika mpaka kwenye tairi, lakini bledi haikuinama hata kidogo, kwa sababu kufuli lilikuwa kwenye jeki na mpira uliokatika ulikuwa nje yake. Kama kufuli lingekuwa kwenye valvu ya leva, upande mmoja ungeanguka pale pale, na msaidizi wake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo.

Mipira na fitingi

Mpira wa robo inchi unatosha kwa jeki hizi, na wembamba wake husaidia kupunguza kasi. Mpira wa robo inchi wenye tabaka moja la waya una kiwango cha bar 225, na wenye tabaka mbili bar 400. Mimi huchukua wa tabaka mbili, si kwa ajili ya presha bali kwa sababu unastahimili kusuguliwa vizuri zaidi. Usiukunje kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya milimita 100.

Kata kamba au waya mwepesi, uufunge kwenye jeki na kuupitisha pale mpira utakapopita, kisha uendeshe kiungo kwa mkono au kwa injini ikiwa taratibu mpaka kila mwisho: juu kabisa na jeki fupi, juu kabisa na jeki ndefu, chini kabisa kwa hali zote mbili, na mikono ya chini ikiwa imeyumbishwa kushoto na kulia kadiri minyororo yake inavyoruhusu. Kamba ndiyo itakayokuambia urefu wa mpira. Ongeza sentimita chache juu ya kipimo kirefu kuliko vyote, ndipo uende kwa mbana mipira.

Kwenye fitingi, yaani viungio vya kukaza kwenye ncha za mipira, ugomvi mkubwa ni nyuzi za skrubu zisizofanana. Trekta la Kijapani linaweza kuwa na nyuzi za kipimo cha Uingereza lakini lenye koni ya namna yake, jeki iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ikawa na nyuzi za Kimarekani, na valvu ikawa na za milimita. Nyuzi za nusu inchi za Uingereza na za Marekani zote zina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo nati itaingia mizunguko kadhaa na kukupa imani ya uongo, lakini pembe za nyuzi hizo ni tofauti na zitavuja chini ya presha. Beba fitingi yenyewe mkononi unapokwenda kununua mwenzake, na umwombe fundi aipime kwa geji ya nyuzi. Usitumie utepe mweupe wa mabomba ya maji: vipande vyake hukatika, huingia kwenye mafuta na kuishia chini ya kizibo cha valvu ya kufuli, na tangu hapo jeki haishiki tena. Tumia washa zenye pete ya mpira au oringi kulingana na tundu, na pale penye nyuzi za koni tumia gundi ya majimaji iliyotengenezwa kwa haidroliki.

Mipira ikishabanwa, ipulize kwa hewa ya kompresa kutoka pande zote mbili. Unga mweusi wa mpira uliokatwa kwa msumeno hubaki ndani, na ukiufuta kwa kitambaa cheupe utauona. Ziba ncha zote mpaka dakika ya kufunga.

Kufunga

Shusha zana mpaka ardhini, zima injini, vuta breki ya mkono, kisha sogeza leva zote mbele na nyuma ili presha iliyobaki itoke. Safisha eneo lote kwa brashi na dizeli kidogo kabla ya kufungua fitingi yoyote. Matope yaliyokauka juu ya kiungo ndiyo adui wa kwanza wa valvu mpya. Mkono wa chini wa kulia uwekewe kigogo au stendi chini yake, kwa kuwa ukitoa rodi mkono huo hauna kitu kinachoushika.

Ondoa toplinki ya zamani na uiweke mahali salama, maana siku jeki itakapohitaji sili utairudisha na kazi itaendelea. Weka jeki mpya, kichwa kinene kwenye upande wa trekta na fimbo kuelekea kwenye zana, matundu ya mafuta yakitazama juu ili fitingi zisigongwe na kichwa cha zana. Baadhi ya mabano ya trekta yana matundu mawili au matatu ya kuchagua. Anza na lile lile lililotumika wakati wa kupima, la sivyo vipimo vyako vyote vimebadilika.

Rodi ya kulia nayo iondolewe na jeki iingie mahali pake, matundu ya mafuta yakitazama nyuma, mbali na tairi. Mimi huweka mwili wa jeki juu na fimbo chini, ili mipira ishikwe karibu na mkono wa kunyanyulia na isikokotwe kwenye majani. Masikio ya jeki yanapaswa kuwa na uhuru kidogo wa kugeuka, kwa sababu mikono ya chini huyumba. Sikio lililobana litapinda fimbo. Kaza pini kwa klipu zake, si kwa msumari.

Unapounganisha mpira, shika mwili wa fitingi kwa spana moja na ukaze nati kwa nyingine. Tazama mstari wa maandishi uliochapwa juu ya mpira: ukiwa umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, mpira haukujisokota, ukiwa umezunguka kama kamba ya mkonge, legeza na uanze tena, kwa kuwa mpira uliosokotwa hujaribu kujinyoosha kila unapopata presha na hatimaye hulegeza nati yake wenyewe. Funga mipira pamoja kwa vibano vilivyo kwenye vyuma visivyosogea, na uache kitanzi huru pale inapovukia kwenye sehemu inayosogea. Weka alama ya rangi kwenye kila jozi ya kopla, ili dereva asiunganishe toplinki kwenye leva ya rodi.

Kutoa hewa na kujaribu

Angalia kiwango cha oili kabla ya kuwasha. Jeki mbili na mipira yake huchukua chini ya lita moja, lakini kwa kuwa oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha gia, tumia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta wala usichanganye na nyingine.

Washa injini kwa kasi ya chini, bila zana. Endesha jeki moja kwa upole mpaka mwisho mmoja, kisha mwisho wa pili, mara sita au nane, mpaka iache kukwamakwama na kutoa mlio wa povu. Hewa hutoka yenyewe na kurudi kwenye tangi. Zima, acha kama robo saa povu litulie, pima oili tena na uongeze.

Tafuta mahali mafuta yanapovuja kwa kipande cha kadibodi kilichoshikwa mbali na mkono, huku umevaa miwani. Usipitishe kidole kamwe kwenye fitingi yenye presha. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano kwa bar 150 hupenya ngozi bila maumivu makubwa, na jeraha huonekana kama chomo la mwiba. Ndani, hata hivyo, nyama huanza kufa, na mtu anahitaji upasuaji ndani ya saa chache. Likitokea, mpeleke hospitali mara moja na uwaambie kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa presha, kwa sababu asiyejua anaweza kulifunga bandeji na kumruhusu arudi nyumbani.

Sasa unganisha zana na urudie ile safari ya kila mwisho uliyoifanya kwa kamba, mmoja akiendesha na mwingine akitazama kutoka pembeni, si kutoka nyuma. Kisha inua zana, iweke sawa, weka stendi chini yake zikiwa na nafasi ya sentimita mbili hivi, na uzime injini. Pima kwa rula kutoka kwenye sili ya jeki mpaka kwenye sikio la fimbo, kwa jeki zote mbili, uandike namba kwa chaki kwenye mwili wa jeki. Baada ya saa moja pima upya. Kama fimbo ya rodi ya kulia imerefuka, kizibo cha upande wa fimbo hakifungi, mara nyingi kwa sababu ya uchafu. Fungua valvu ya kufuli, ioshe kwa dizeli safi, ipulize na uirudishe. Kama imeshindikana hata baada ya kusafishwa, shuku sili ya pistoni.

Baada ya saa kumi za kazi kaza fitingi zote tena, na utazame kila mahali mpira ulipogusa chuma. Palipoanza kung'aa au kuonyesha unyuzi, hamisha kibano au uvishe kipande cha mpira mzee uliopasuliwa kwa urefu. Unapoegesha trekta kwa siku nyingi, acha jeki zote zikiwa zimefupika, ili fimbo zilale ndani ya mafuta na zisipate kutu, na zana iwe imeshushwa mpaka ardhini.